Shajara ya mradi: kuhamisha picha kutoka kamera nne hadi kompyuta moja

Kazi yenyewe: kutoa picha na video zote zilizomo kwenye kamera nne, kuziweka kwenye diski ya kompyuta, kutengeneza nakala ya pili kwenye diski ya nje, na kuthibitisha kwamba hakuna faili iliyoharibika njiani. Kila kamera ilikwama kwa namna yake. Hapa tunaandika dalili kama ilivyoonekana, kipimo kilichofichua chanzo, na kilichotatua.

Siku ya 1: vifaa na masharti

Kamera A ni ndogo ya mfukoni, ya zamani, tundu la USB Mini-B, kadi ya SD ya GB 2. Kamera B ni DSLR yenye kadi ya CompactFlash ya GB 16, nayo pia ina Mini-B. Kamera C haina kioo cha ndani (mirrorless), ina tundu la USB-C na kadi ya SDXC ya GB 64. Kamera D ni ndogo, inatumia plagi ya pini 8 isiyolingana na waya wowote wa kawaida, kadi yake ni SDHC ya GB 8. Upande wa pili kuna kompyuta ya mezani yenye Linux na laptopu yenye Windows 11. Visoma kadi ni viwili, kimoja cha zamani na kimoja cha USB 3.0.

Masharti yamewekwa kabla ya kugusa chochote. Kadi haifomatiwi na hakuna kinachofutwa mpaka nakala mbili zihakikiwe. Amri ya kukata na kubandika ni marufuku, tunanakili tu. Kompyuta ikisema diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, jibu ni hapana, kila mara, hata kama kadi inaonekana tupu. Ujumbe huo maana yake ni kwamba kompyuta imeshindwa kuelewa inachokisoma, na sababu inaweza kuwa kisoma kadi au mfumo wa faili (namna kadi inavyopanga mafaili). Picha zinaweza kuwa salama kabisa ndani yake.

Kadi za SD zina kitufe kidogo cha kuteleza ubavuni. Tumekisogeza upande wa kufunga. Ieleweke kwamba kitufe hicho hakijaunganishwa na chochote ndani ya kadi. Ni kipande cha plastiki tu, na kisoma kadi ndicho kinachohisi mahali kilipo na kuamua kukataa kuandika. Kisoma kisichojali kitaandika tu. Kwa hiyo ni kinga nzuri, lakini isiwe ya pekee. Kinyume chake pia hutokea: kitufe kikilegea au kung'oka, kadi nzima hudai imefungwa wakati hakuna aliyeifunga.

Siku ya 2: kamera A haionekani kabisa

Dalili: waya umechomekwa, kamera imewashwa, kompyuta haina habari. Hakuna sauti wala dirisha linalofunguka.

Kipimo cha kwanza hakigusi kamera. Kwenye Linux tulifungua terminali, tukaandika `sudo dmesg -w` (inaonyesha papo hapo ujumbe wa mfumo kuhusu vifaa), kisha tukachomeka waya huku tukitazama. Kimya kitupu. Hata mstari mmoja haukutokea. Kimya cha namna hiyo kinasema mengi, kwa sababu kifaa kikiwa na hitilafu lakini nyaya za data zipo, kompyuta hulalamika. Mstari wa kawaida wa malalamiko ni `device descriptor read/64, error -71`, ambao maana yake ni kwamba pande mbili zimeanza kuzungumza na maneno yakavurugika: waya mbovu, plagi chafu, au tundu lililolegea. Ukiona `error -110`, kompyuta imeuliza ikasubiri bila kujibiwa. Lakini pasipo na mstari wowote, ama kamera haijawaka, ama hakuna njia ya data kabisa.

Njia ya data haikuwepo. Waya ulikuwa wa kuchajia tu. Waya kamili wa USB 2.0 una nyaya nne ndani: nyekundu ni volti 5, nyeusi ni ardhi, nyeupe ni D− na ya kijani ni D+. Waya wa kuchajia huachiwa nyekundu na nyeusi peke yake, na kwa nje hautofautishiki. Tulithibitisha kwa multimita kwenye hali ya kupima mwendelezo: pini ya 1 na ya 4 za plagi kubwa zilifika upande wa pili, ya 2 na ya 3 hazikufika. Asiye na multimita aujaribu waya huohuo kwenye kifaa kingine ambacho ana hakika kinapitisha mafaili. Kuchaji hakuthibitishi chochote.

Waya uliobadilishwa ulileta kamera mara moja. Faili zote za A zimenakiliwa. Waya wa kuchajia umefungwa utepe mwekundu.

Siku ya 3: kamera B inaonekana, lakini haifunguki

Hapa ndipo muda mwingi wa mradi ulipokwenda, na ndipo watu wengi hupotelea, kwa hiyo tunaeleza kwa kirefu.

Kamera huweza kujitambulisha kwa kompyuta kwa njia tatu. Ya kwanza ni kama diski ya kawaida, ambayo menyu nyingi huiita Mass Storage: kadi inapewa herufi yake kwenye Windows au inatokea kwenye `/media` huko Linux, na unatembea ndani ya folda upendavyo. Ya pili ni PTP, itifaki iliyobuniwa kwa ajili ya kamera na baadaye kupewa namba ya kimataifa ISO 15740. Hapa kompyuta haiioni kadi. Inaiuliza kamera, “una vitu gani?”, na kamera inajibu kimoja kimoja. Ya tatu ni MTP, upanuzi wa PTP ulioanzishwa na Microsoft na kukubaliwa kama kiwango cha USB mwaka 2008.

Tofauti hii inaeleza mambo mengi yanayoonekana kama maajabu. Kwa PTP, kamera yenye maelfu ya picha huonekana imeganda kwa dakika kadhaa, kumbe kompyuta inauliza taarifa za kila picha kwa zamu. Kwa PTP, kamera ndiyo inayoamua ionyeshe nini, kwa hiyo faili isiyotambulika kwake inaweza isitokee kwenye orodha ilhali ipo kwenye kadi. Na kwa kawaida ni programu moja tu inayoweza kushika mazungumzo kwa wakati mmoja.

Hilo la mwisho ndilo lililotukamata. Kwenye Linux tulitumia gphoto2, programu ya kuzungumza na kamera. `gphoto2 --auto-detect` iliitaja kamera B kwa jina na modeli. Lakini `gphoto2 --list-files` ilirudisha `Could not claim the USB device`. Kamera ilikuwa nzima na waya ulikuwa mzima. Eneo-kazi la Linux lilikuwa limekwisha kuishika kamera kimyakimya ili kuonyesha ikoni yake, na mlango ukafungwa kwa wengine. Dawa ni amri moja:

`gio mount -s gphoto2`

Baada ya hapo gphoto2 ilifanya kazi. Kwenye Windows kisa hicho hutokea kwa sura nyingine: programu ya picha na programu ya mtengenezaji wa kamera zote zinafunguka zenyewe kamera inapochomekwa, moja inafanikiwa, nyingine inasema hakuna kamera. Zifunge zote, chomoa, chomeka upya, fungua moja.

Tahadhari moja kubwa kuhusu `gphoto2 --get-all-files`. Inamwaga kila kitu kwenye folda uliyosimama, bila kutunza folda za kamera. Kamera B ina folda zaidi ya moja ndani ya DCIM, folda kuu ya picha kwenye kadi, na majina ya faili yanajirudia kati yake. Programu ilipouliza kama iandike juu ya faili iliyopo, tulisimamisha kazi. Jaribu la kuongeza `--skip-existing` lingekuwa baya zaidi, kwa sababu lingeruka picha ya pili yenye jina hilohilo bila kuuliza, na picha hiyo isingefika kamwe. Tulitumia `--folder` kwa kila folda, kila moja ikishushwa kwenye folda yake.

Kamera C, siku hiyohiyo, kwenye Windows: inaonekana, ina jina lake, ndani hakuna picha. Mpangilio wa USB kwenye menyu ulikuwa PC Remote, hali ya kuiendesha kamera kutoka kwenye kompyuta. Katika hali hiyo kamera inasubiri amri ya kupiga picha na haitoi zilizopigwa. Tulibadilisha kuwa Mass Storage, tukazima kamera na kuiwasha, picha zikatokea. Tuliikagua Wi-Fi pia, maana kwenye baadhi ya kamera ikiwashwa tundu la USB huacha kujibu. Ya C ilikuwa imezimwa.

Jambo la pembeni ambalo halikutupata lakini linafanana sana na haya: matoleo ya Windows yenye herufi N mwishoni hayana vipande vya media, na bila hivyo PTP na MTP hazifanyi kazi ipasavyo. Kamera inachaji, inaonekana kwenye Device Manager na alama ya njano, na mtu anabadilisha waya tatu bure. Kinachotakiwa ni kusakinisha Media Feature Pack kwenye sehemu ya vipengele vya hiari, kisha kuwasha kompyuta upya.

Siku ya 4: kasi

Kamera B ilianza kushusha, lakini kwa mwendo wa kobe. Hesabu ilionyesha kwamba si kawaida. USB 2.0 ina kasi ya megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi. Kwa vitendo MB 30 hadi 40 kwa sekunde. Kwa MB 35, GB 16 ni kama dakika 8. USB ya kizazi cha kwanza ni megabiti 12, yaani kama MB 1 kwa sekunde kwa vitendo, na GB 16 hizo zinakuwa zaidi ya saa 4. Kilichokuwa kikitokea kilifanana na hesabu ya pili.

`lsusb -t` huonyesha mti wa vifaa na kasi ya kila kimoja mwishoni mwa mstari. Kamera B ilikuwa na 12M badala ya 480M. Ilikuwa imechomekwa kwenye kigawanyi cha zamani cha kuongezea matundu. Tulipoihamishia kwenye tundu la nyuma la kompyuta, moja kwa moja kwenye ubao mama, ikasoma 480M. Kigawanyi kisicho na umeme wake kina tatizo la pili pia: vifaa vyote vinagawana mgao wa tundu moja, miliampia 500 kwa USB 2.0 na 900 kwa USB 3.0, na diski ya nje ikianza kuzunguka kamera inaweza kukatika.

Kuhusu C: umbo la USB-C halisemi lolote kuhusu kasi. Kamera yenye tundu la USB-C inaweza kuwa na USB 2.0 ndani, na hii ndivyo ilivyo. `lsusb -t` imesema 480M hata kwenye tundu la USB 3.0. GB 64 kwa njia hiyo ni nusu saa ya kamera kuwaka bila kukoma. Betri ikiisha katikati, au kamera ikijizima kwa kudhani imesahaulika, faili inayonakiliwa hubaki nusu, yenye jina kamili na ukubwa pungufu. Kamera yoyote ikitumika kwa waya: betri iliyojaa, na muda wa kujizima uwekwe mrefu kabisa.

Siku ya 5: tumeacha waya

Uamuzi: kuanzia sasa kadi zinatoka kwenye kamera na kuingia kwenye kisoma kadi. Maswali ya itifaki, betri na plagi za ajabu yanaondoka yote kwa pamoja. Kamera D, ambayo waya wake wa pini 8 haukupatikana, haihitaji tena waya. Waya tunauacha kwa kamera ambayo kadi yake haitoki tu.

Kisoma cha zamani kilikataa kadi ya D kana kwamba haipo. Kadi ya SD ya kizazi cha kwanza, mpaka GB 2, huelekezwa kwa kuhesabu baiti. SDHC, iliyoanza 2006 na inayofika GB 32, huelekezwa kwa vipande vya baiti 512. Kisoma kilichotengenezwa kabla ya mabadiliko hayo hakiwezi kuisoma, na hakuna draiva itakayokiokoa. Kinafaa kwa kadi ya A peke yake.

SDXC, ya mwaka 2009, huelekezwa kama SDHC. Kinachobadilika ni mfumo wa faili: exFAT badala ya FAT32. Hivyo visoma vingi vya SDHC huisoma, na tatizo likitokea liko kwenye kompyuta. Linux yetu, yenye kiini (kernel) cha zamani, ilisema `unknown filesystem type 'exfat'`. Draiva nzuri ya exFAT imo ndani ya kiini kuanzia toleo 5.7, kwa kiini cha nyuma ya hapo tulisakinisha kifurushi cha exfat-fuse na kadi ikafunguka. Hapa ndipo Windows ya zamani ingetoa lile dirisha la kuomba kufomati.

CompactFlash ya B inahitaji upole. Pini 50 ziko upande wa kisoma, na kadi ikiingizwa mshazari pini moja hupinda na kukaribia jirani yake. Tulimulika tundu kwa tochi kabla ya kuingiza. Kadi iteleze kwenye reli zake mbili bila nguvu. Ikigoma milimita chache kabla ya mwisho, itoe uangalie tena. Kuisukuma ni kuharibu kisoma, na kisoma chenye pini iliyopinda kinaweza kuharibu kadi inayofuata.

Siku ya 6: kadi ya D ina vidonda

Nakala ya D ilianza vizuri, ikasimama. dmesg ilijaa `I/O error, dev sdb, sector` ikifuatiwa na namba. Tulisafisha miguso 9 ya kadi kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, tukaiacha ikauke, tukajaribu tena. (Kifutio cha penseli tumekikataa: kinakwangua tabaka la dhahabu na kuacha unga.) Makosa yalibaki kwenye sekta zilezile. Sekta zikibadilika kila mara, shuku miguso au kisoma. Zikiwa zilezile, kadi yenyewe ndiyo mgonjwa.

Kadi ya namna hii haikaguliwi kwa kufungua picha moja baada ya nyingine, na haitengenezwi kwa chkdsk wala fsck. Programu hizo huandika kwenye kadi ili kuunyoosha mfumo wa faili, na katika kunyoosha zinaweza kukata kilichobaki. Kwanza tunachukua taswira ya kadi nzima, biti kwa biti, kisha kazi yote inafanyika kwenye taswira.

`lsblk` kwanza, kujua kadi ni ipi. Yetu ilikuwa `/dev/sdb`, GB 8. Kisha:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb kadi_D.img kadi_D.map`
`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb kadi_D.img kadi_D.map`

Soma mpangilio mara mbili kabla ya kubonyeza: chanzo kinatangulia, taswira inafuata. Amri ya kwanza inachukua sehemu zinazosomeka kirahisi na kuacha kwa muda sehemu ngumu, ili kadi ikifa katikati tuwe tumeshapata sehemu kubwa. Ya pili inarudi kwenye sehemu mbaya na kujaribu mara tatu. Faili ya `.map` inakumbuka kilichosomwa. Ukisimamisha na kuanza tena, haianzi mwanzo. Nafasi inayotakiwa kwenye diski ni GB 8 kwa taswira na GB 8 nyingine kwa matokeo ya hatua inayofuata.

Taswira ikafunguliwa kwa kusoma tu: `sudo losetup -P -r -f --show kadi_D.img`, halafu kizigeu chake (partition) kikapachikwa kwa `mount -o ro`. Folda nyingi zikafunguka na majina yake. Folda moja ilionekana tupu. Sehemu ya jedwali lake la faili ilikuwa kwenye sekta zilizokufa.

Kwa folda hiyo tulitumia PhotoRec juu ya taswira. PhotoRec haiulizi jedwali la faili. Inatafuta mianzo inayojulikana, kwa JPEG ikiwa ni baiti FF D8 FF, na kukusanya kinachofuata. Ndiyo maana inapata hata picha zilizofutwa: kwenye FAT kufuta kunabadilisha baiti ya kwanza ya jina kuwa E5 na kuachia nafasi, lakini data yenyewe inabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Gharama ni majina kupotea, na faili iliyotawanyika vipande vipande kutoka ikiwa imechanganyika na nyingine.

Sasa jambo tunalotaka lisomwe na kila anayeokoa picha. Kwenye orodha ya faili, picha ndogondogo zote zilionekana nzuri. Hilo si ushahidi. Picha ndogo ya orodha mara nyingi ni faili nyingine iliyopachikwa kwenye kichwa cha JPEG, kwa kawaida pikseli 160 kwa 120, na inaweza kuwa nzima wakati picha kubwa ina utepe wa kijivu kuanzia katikati hadi chini. `jpeginfo -c *.jpg` ilikagua kila faili mpaka mwisho wake na kutenganisha nzima na zenye kasoro. Zenye kasoro tumeziweka folda yake, hatukuzitupa, kwa sababu exiftool, programu ya kusoma na kubadilisha taarifa zilizomo ndani ya picha, kwa `exiftool -b -ThumbnailImage` hutoa angalau ile picha ndogo. Faili za RAW (data ghafi ya kamera) zina bahati zaidi: nyingi zimebeba ndani JPEG kubwa, inayotoka kwa `-PreviewImage` au `-JpgFromRaw`.

Siku ya 7: picha “zilizopotea” ambazo hazikupotea

Hesabu ya faili kwenye kadi ya C na kwenye diski haikulingana. Tuliyoyakuta, kwa C na kwa nyingine:

Video hazikuwa ndani ya DCIM. Kamera nyingi huweka picha DCIM na video mahali pengine: video za aina ya AVCHD ziko `PRIVATE/AVCHD/BDMV/STREAM`, faili zake zikiishia `.MTS`, za aina ya XAVC S ziko `PRIVATE/M4ROOT/CLIP`. Anayenakili DCIM peke yake na kufomati kadi amepoteza video zote. Nakili kadi nzima, na muundo wa folda ubaki kama ulivyo.

Folda ya A ilikuwa na picha zote, ila programu ya kuingizia iliyopanga kwa tarehe ilizitupa kwenye mwaka mwingine. Betri ya saa ya kamera ilikuwa imekufa na tarehe ikarudi mwanzo. Kwa kuwa saa iliendelea kutembea kutoka pale, tofauti ni moja kwa picha zote za kipindi hicho, na inasahihishwa kwa kuongeza: `exiftool "-AllDates+=5:3:12 4:30:0" folda` inasogeza mbele miaka 5, miezi 3, siku 12, saa 4 na nusu. Tofauti hiyo inapatikana kwa kutafuta picha moja ambayo muda wake wa kweli unajulikana. exiftool huacha faili asili zenye `_original` mwishoni. Zisifutwe mpaka matokeo yakaguliwe.

RAW za C hazikuonyesha picha kwenye Windows, ikoni nyeupe tu. Faili nzima, kisomaji hakipo. Raw Image Extension ilimaliza hilo.

Majina. Kanuni ya DCF, inayofuatwa na karibu kamera zote tangu 1998, inatoa herufi nne na tarakimu nne, 0001 hadi 9999, ndani ya folda zinazoanza na namba 100 hadi 999. Baada ya 9999 kaunta inarudi 0001 kwenye folda mpya. Kwa hiyo picha mbili tofauti zenye jina moja ni jambo la kawaida, na kuzimwaga kwenye folda moja ni kufuta moja kati yake. Jina linaloanza na mstari wa chini, kama `_DSC0412`, si kosa: linaonyesha picha imepigwa kwenye rangi za Adobe RGB. Tumebadilisha majina kwenye nakala ya ziada tu, si kwenye zile mbili za kuhakikiwa:

`exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d "%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e" folda`

`%%-c` inaongeza -1, -2 pale picha kadhaa zinapoangukia sekunde moja. Tarehe lazima zisahihishwe kabla ya hatua hii.

Siku ya 8: uhakiki

Idadi na ukubwa vikilingana bado hatujui yaliyomo. Tulikokotoa hashi ya SHA-256, mfuatano wa tarakimu na herufi 64 unaobadilika kabisa hata biti moja ikigeuka. Ndani ya kadi: `find . -type f -exec sha256sum {} + > ~/hakiki/B.sha256`. Kisha ndani ya nakala: `sha256sum -c --quiet ~/hakiki/B.sha256`. Ikikaa kimya, zote zimelingana.

Mtego uko hapa: ukihakiki mara tu baada ya kunakili, kompyuta inaweza kusoma kutoka RAM, mahali faili zilipopita, bila kuigusa diski. Diski ya nje tuliitoa kwa utaratibu na kuichomeka tena kabla ya kuhakiki.

Kadi ya C ilileta faili tatu zisizolingana, ukubwa uleule. Kadi ikasomwa mara ya pili kwa kisoma kilekile, na safari hii faili nyingine mbili hazikulingana na orodha ya kwanza. Kadi haiwezi kubadilisha yaliyomo ikiwa haijaandikwa. Kisoma, waya au RAM ndiyo inayokosea. Tulibadilisha waya mfupi wa kisoma cha USB 3.0, tukasoma mara mbili mfululizo, orodha mbili zikafanana herufi kwa herufi. Nakala ya C imefutwa na kufanywa upya yote. Hakuna dmesg wala dirisha lililotuonya kuhusu kosa hili. Hashi peke yake ndiyo iliyoliona.

Kwa upande wa Windows tumetumia robocopy, amri yake ya kunakili, na tunasisitiza swichi mbili, /R na /W: `robocopy E:\ D:\Picha\C /E /R:2 /W:5`. Bila hizo robocopy hujaribu tena faili iliyogoma mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Kwenye kadi yenye sekta mbovu itaonekana imekufa, na wakati huo inaendelea kuichosha kadi.

Siku ya 9: hali ilivyo

A, B na C: nakala mbili, hashi zimelingana, kadi zimefomatiwa ndani ya kamera zenyewe. Kamera hupanga mfumo wa faili inavyoutaka na kuunda DCIM upya. Kadi iliyofomatiwa kwenye kompyuta kwa mfumo usio sahihi huweza kukataliwa.

D: taswira na faili zake ziko kwenye diski zote mbili, pamoja na folda ya zenye kasoro. Kadi haitarudi kwenye kamera. Imeandikwa “mbovu” kwa wino usiofutika na itahifadhiwa bila kufomatiwa, kwa sababu bado kuna sekta ambazo ddrescue haijazipata. Kesho inasomwa tena kwa kisoma cha tatu, kwa faili ileile ya `.map`.

Waya mfupi wa kisoma cha USB 3.0 umekatwa vipande viwili, usije ukarudi kwenye droo.